Maurice Stokes na Maana ya Ukakamavu

Hujafa hujaumbika, walinena wahenga. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwasa anayemcheka mwenye ulemavu, lakini ina funzo pia kwa anayemsifu mwenye nguvu. Miongoni mwa mashabiki wa mpira wa vikapu wa vyuo vya Marekani, timu ikishindwa mjadala hauishi upesi. Yupo atakayelalama kwamba wachezaji hawana ukakamavu. Yupo atakayehesabu ribaundi, yaani ile mipira inayokosa kikapu na kurudi uwanjani ikigombewa, aonyeshe kuwa wapinzani waliidaka mingi zaidi. Na yupo atakayewatetea vijana kwa kutaja majeraha. Hoja hizi tatu hujadiliwa kana kwamba kila moja ina njia yake. Katika maisha ya Maurice Stokes zilikutana ndani ya mwili mmoja, zikazua swali ambalo lingali bichi hadi leo: mchezaji kakamavu ni yupi?

Stokes alizaliwa tarehe 17 Juni 1933 mjini Rankin, karibu na Pittsburgh katika jimbo la Pennsylvania, eneo lililojulikana kwa viwanda vyake vya chuma. Baada ya kusoma katika shule ya upili ya Westinghouse jijini Pittsburgh, alijiunga na Saint Francis, chuo kidogo cha Kikatoliki kilichoko Loretto, milimani katika jimbo hilo hilo. Hakikuwa chuo kilichotajwa sana katika mchezo huo. Ni Stokes aliyekifanya kitajwe.

Alikuwa na kimo cha takriban mita 2 na uzani uliopita kilo 100, lakini kudaka ribaundi si suala la umbo pekee. Mdakaji hana budi kukisia mpira utaangukia wapi, amtangulie mpinzani mahali hapo, amzuie kwa mgongo na nyonga, kisha aruke huku viwiko vya wenzake vikimzunguka. Ni kazi ya kugongana na ya kuanguka. Stokes aliifanya kwa wepesi usiotarajiwa kwa mtu wa maungo yake. Isitoshe, akishaudaka mpira hakungoja kumkabidhi mwenzake mdogo wa umbo. Mara nyingi aliudunda mwenyewe hadi upande wa pili na kuwagawia wengine pasi.

Mwaka 1955 Saint Francis ilishiriki mashindano ya kitaifa ya mwaliko, yaani NIT, katika ukumbi wa Madison Square Garden jijini New York. Katika nusu fainali timu hiyo ilishindwa na Dayton baada ya muda wa ziada, ingawa Stokes alifunga pointi 43. Hatimaye ilimaliza katika nafasi ya nne, na bado yeye ndiye aliyetuzwa kama mchezaji bora wa mashindano yote. Ni nadra tuzo kama hiyo kumwendea mtu ambaye timu yake haikufika hata fainali.

Mwaka huo huo alichaguliwa na timu ya Rochester Royals ya ligi ya kulipwa ya NBA. Msimu wake wa kwanza ulimpa tuzo ya mchezaji chipukizi bora, na katika mechi moja ya msimu huo alidaka ribaundi 38. Msimu wa 1956-57 alidaka ribaundi 1,256, idadi ambayo wakati huo ilikuwa rekodi ya ligi. Mwaka 1957 timu ilihamia jiji la Cincinnati katika jimbo la Ohio, naye akahama nayo. Katika misimu yake yote 3 aliteuliwa kuchezea mechi ya nyota wa ligi.

Tarehe 12 Machi 1958, katika mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida, Royals walikuwa ugenini Minneapolis. Stokes alikikimbilia kikapu, akagongana na mpinzani, akaanguka na kichwa chake kikagonga sakafu. Alizimia. Alizinduliwa kwa dawa ya kunusa, akainuka, akarudi uwanjani kuendelea na mchezo. Hakuna shaka kwamba kwa desturi ya wakati huo tendo hilo lilikuwa ukakamavu mtupu. Mtu aliyeanguka alitarajiwa kuinuka, na aliyeinuka alihesabiwa kuwa mzima. Ilipita miaka zaidi ya 50 kabla ya ligi hiyo kuweka, mwaka 2011, utaratibu rasmi wa kumchunguza mchezaji aliyeumia ubongo kabla ya kumruhusu kucheza tena.

Siku 3 baadaye Stokes alicheza Detroit katika mechi ya kwanza ya mtoano. Alifunga pointi 12 na kudaka ribaundi 15. Shabiki aliyesoma takwimu hizo peke yake hangeona dalili yoyote ya maradhi. Katika ndege ya kurudi Cincinnati aliugua ghafla, akashikwa na mtukutiko wa mwili, kisha akapoteza fahamu. Fahamu ziliporejea, mwili haukurejea. Alikuwa amepooza na hakuweza kusema, ilhali akili yake ilikuwa timamu. Alikuwa na umri wa miaka 24.

Mkataba wa mchezaji wa enzi hizo haukumkinga dhidi ya janga la aina hiyo, na gharama za matibabu zilikuwa kubwa kupindukia. Ndipo alipojitokeza Jack Twyman, mchezaji mwenzake aliyekuwa na umri wa miaka 23, mzaliwa wa Pittsburgh vilevile. Twyman aliiomba mahakama imfanye mlezi wa kisheria wa Stokes ili aweze kusimamia mali na matibabu yake. Stokes alikuwa mweusi, Twyman mweupe, na Marekani ya miaka hiyo ilikuwa bado imegawanyika vikali kwa misingi ya rangi. Methali ya Kiswahili isemayo kwamba undugu ni kufaana, wala si kufanana, ingetungwa kwa ajili yao isingewafaa zaidi. Twyman alifuatilia fidia ya wafanyakazi ya jimbo la Ohio hadi ikapatikana. Alisaidia pia kuchangisha fedha, zikiwemo zile zilizotokana na mechi ya hisani iliyochezwa kila mwaka Monticello, jimbo la New York, ambako nyota kama Wilt Chamberlain walijitokeza kucheza.

Ili kuzungumza, mwanzoni Stokes alitumia macho. Twyman alizitaja herufi za alfabeti moja baada ya nyingine, naye Stokes alipepesa jicho ilipofikiwa herufi aliyoitaka, hadi neno likatimia. Miaka ya mazoezi ya viungo, yenye maumivu na maendeleo ya kobe, ilimrudishia sehemu ndogo ya uwezo wa kujongea na kutamka. Hapakuwa na umati wa kumshangilia wala karani wa kuandika takwimu. Aliishi hivyo kwa miaka 12, hadi mshtuko wa moyo ulipomuua tarehe 6 Aprili 1970, akiwa na umri wa miaka 36.

Maisha haya yanawadai mashabiki wapime upya neno wanalolipenda. Kuinuka kule Minneapolis kulichukua dakika chache na kulitokana na desturi iliyomnyima mchezaji nafasi ya kukiri kwamba ameumia. Kuitafuta herufi moja kwa jicho, kesho tena na kesho kutwa, hakukulazimishwa na desturi yoyote. Ikiwa ukakamavu ni kustahimili jambo ambalo mtu angeweza kuliacha, basi Stokes aliudhihirisha zaidi kitandani kuliko uwanjani. Na Twyman, aliyeendelea kucheza hadi 1966 huku akibeba mzigo ambao hakuna aliyemtwika, alikuwa na sehemu yake katika ukakamavu huo.

Mwaka 2004 Stokes aliingizwa katika jumba la kumbukumbu za magwiji wa mpira wa vikapu, na Twyman ndiye aliyeipokea heshima hiyo kwa niaba yake. Twyman alifariki mwaka 2012. Mwaka uliofuata NBA ilianzisha tuzo ya mchezaji mwenza bora, ikaipa majina yao wawili. Chuo chake nacho kililipa jengo lake la michezo jina la Stokes. Yeye mwenyewe aliomba azikwe Loretto, katika ardhi ya chuo hicho, na ndiko alikolazwa.