Aliyeziweka rangi za Samarkand katika vioo

Jina la Bukhara si geni kwa Waislamu wa Pwani. Hata mtoto wa chuoni amekwisha lisikia, kwani huko ndiko alikozaliwa Imam Bukhari, ambaye Sahihi yake hutajwa kila mara katika darsa na hotuba zetu. Lakini ukimwuliza mtu miji ya huko ilikuwaje zamani, watu wake walivaa nini, na rangi gani zilipendwa sokoni, wengi wetu tutanyamaza. Yuko mtu mmoja aliyeyaona hayo kabla hayajapinduliwa na mageuzi ya dunia, akayahifadhi kama yalivyokuwa. Mtu huyo hakuwa mwanachuoni wala mchoraji. Alikuwa Mrusi, mpiga picha, na jina lake ni Sergei Mikhailovich Prokudin-Gorskii.

Alizaliwa mwaka 1863 katika jimbo la Vladimir, mashariki ya Moscow, katika ukoo wa kiungwana. Alikaa St Petersburg, uliokuwa mji mkuu wa Urusi siku hizo, na elimu iliyomvuta zaidi ilikuwa kemia. Mwaka 1890 alimwoa Anna Aleksandrovna Lavrova, binti wa tajiri mwenye kiwanda cha kusubu chuma na shaba, naye akapata cheo katika usimamizi wa kiwanda hicho. Kwa desturi ya dunia, mtu wa namna hiyo angalitosheka: nyumba nzuri, fedha, na heshima ya watu. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye kamera. Mwaka 1898 alijiunga na tawi la wapiga picha la chama cha ufundi cha kifalme, na mwaka 1901 akafungua studio na maabara yake mwenyewe.

DAWA YA KUONA RANGI

Siku zile picha zilikuwa nyeusi na nyeupe. Aliyetaka rangi alimpa fundi wa brashi ayapake mashavu wekundu na joho ukijani, naye fundi alipaka alivyopenda, si ilivyokuwa. Ubaya zaidi ni kuwa kioo cha kupigia picha kilikuwa na upofu wake. Buluu kiliiona vizuri, lakini nyekundu hakikuijua. Kitambaa chekundu kama damu kilitoka cheusi kama kaniki.

Njia ya kuipata rangi ya kweli ilikuwa imekwisha fikiriwa na mtaalamu wa Kiskochi, James Clerk Maxwell. Mwaka 1861, mjini London, aliwaonyesha watu picha ya utepe wa miraba ya Kiskochi katika rangi zake. Lakini hayo yalikuwa majaribio ya wataalamu tu. Ilipita miaka arubaini kabla njia hiyo haijafaa kwa safari na kwa watu wa kawaida.

Basi mwaka 1902 Prokudin-Gorskii akafunga safari mpaka Berlin kwa Profesa Adolf Miethe. Bwana huyo alikuwa amegundua kuwa kioo cha picha kikitiwa dawa fulani, nayo dawa yenyewe ni aina ya rangi, hufumbuka macho kikaiona na nyekundu. Yaani rangi ikawa ndiyo dawa ya kuonea rangi. Mrusi huyu alijifunza kazi hiyo kwa muda wa wiki chache, akarudi kwao, na hakutosheka kuiga. Aliendelea kuchanganya na kujaribu mpaka akapata dawa yake mwenyewe.

Kazi yenyewe ilikwenda hivi. Alichukua kioo kirefu chembamba, akapiga juu yake picha tatu za kitu kimoja, zikifuatana upesi, moja chini ya nyingine. Moja aliipiga kupitia kichujio cha buluu, nyingine cha kijani, na nyingine chekundu. Kioo kilipooshwa, hakikuwa na rangi hata chembe. Kilikuwa na picha tatu nyeusi na nyeupe kama picha zote za zama zile. Lakini kila moja ilikuwa imeshika fungu lake la rangi.

Msomaji na afikirie leso nyekundu yenye maua ya kijani. Katika picha iliyopigwa kupitia kichujio chekundu, nguo hutoka yenye mwanga na maua hutoka giza. Katika ile ya kijani, maua hupata mwanga na nguo ikawa giza. Alipotaka kuwaonyesha watu, alitoa nakala za picha zile, akazimulika ukutani kwa taa, kila moja kupitia rangi yake, zote tatu zikalaliana mahali pamoja. Hapo leso ingerudi kama ilivyotoka dukani.

Shida ni kuwa aliyepigwa picha lazima atulie tuli. Akitikisa mkono baina ya picha ya kwanza na ya tatu, mkono huo hutoka na kingo za rangi tatu zisizokutana. Ndiyo sababu maji ya mito katika picha zake huonekana kama yamemwagiwa vipande vya upinde wa mvua.

MBELE YA MFALME

Mwaka 1908 alimpiga picha ya rangi mwandishi mashuhuri Leo Tolstoy, akiwa mzee wa karibu miaka 80, na picha hiyo ikaenea kote Urusi. Sifa zake zikafika ikuluni. Mwaka 1909 aliitwa kwa Mfalme Nicholas wa Pili, akamwonyesha picha zake ukutani usiku, na mfalme akavutiwa nazo. Akapewa behewa zima la gari la moshi lililotengenezwa chumba cha giza ndani yake, na hati za kumpitisha mahali palipokatazwa na za kuwaamuru maofisa wamsaidie. Kusudi lake lilikuwa kuipiga picha dola yote ya Urusi, ili watoto wa shule wa kila jimbo wapate kuijua nchi kwa rangi zake.

Alisafiri mpaka karibu mwaka 1915, na hapa ndipo ilipo sifa yake kubwa. Mtu aliyetumwa na mfalme angaliweza kushinda kwenye majumba na makanisa tu. Hayo aliyapiga, lakini aliwapiga pia wasichana wa shamba waliovaa magauni ya rangi kali, wameshika sahani za matunda mbele ya nyumba ya magogo. Aliwapiga wafanyakazi wa reli, wachuma chai, wauza matikiti na waongoza ngamia. Kazi ya mikono aliiheshimu kama alivyoheshimu kazi ya wafalme.

Mwaka 1911 alikuwa Turkestan, nchi ya Samarkand na Bukhara. Picha moja ni ya muuza nguo katika soko la Samarkand. Bwana huyo ameketi dukani mwake, amezungukwa na vitambaa vya hariri, pamba na sufu, vingine vimekunjwa na vingine vimetundikwa, pamoja na mazulia machache. Juu kabisa limetundikwa karatasi la Kurani katika fremu. Mtu wa Mombasa akiitazama picha hiyo hatajiona mgeni, kwani duka la namna hiyo amekwisha liingia mara nyingi.

Katika picha nyingine mwanamke wa Kiturkmeni amesimama juu ya zulia mlangoni mwa hema lake la duara, na mapambo yake mwilini. Zulia la Waturkmeni asili yake ni wekundu, na wekundu huo kwa karne nyingi ulitoka katika mizizi ya mmea. Buluu ilitoka katika nili. Mafundi wa hariri wa miji ile nao walikuwa na ujuzi wao. Walizifunga nyuzi kwa vifundo na kuzitia rangi kabla ya kufuma, si baada yake, hata maua ya nguo yakatoka na kingo za ukungu. Kazi hiyo wenyewe waliiita kufunga mawingu. Na kwenye makaburi na madrasa za Samarkand, kama Gur-i Amir alikozikwa Timur, palikuwa na vigae vya buluu na samawati vilivyochomwa na mafundi mamia ya miaka nyuma. Hivyo navyo alivipiga, pamoja na nyufa zake na mahali palipobanduka.

Wakati wenyewe ulikuwa wa kuwahi. Rangi za viwandani, ambazo ya kwanza mashuhuri iligunduliwa Uingereza mwaka 1856, zilikuwa zimekwisha ingia masoko ya Asia na kuzisukuma zile za mizizi na majani. Fundi wa kale alikuwa akizeeka, na ujuzi wake haukuandikwa popote. Wazee walisema kweli kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Vioo vya Prokudin-Gorskii vikawa daftari.

AMIRI NA MWENYE DUKA

Picha iliyojulikana kuliko zote ni ya Amiri wa Bukhara, Sayyid Mir Muhammad Alim Khan, aliyetawala tangu mwanzo wa mwaka 1911. Ameketi kwenye kiti, kilemba cheupe kichwani, upanga mkononi, mkanda wa dhahabu kiunoni, na amevaa joho la hariri la buluu iliyoiva lenye maua. Buluu ile kwa nguvu yake yaonekana kama imetiwa jana.

Lakini Mgala muue na haki umpe, na haki ina pande mbili. Samarkand ilikuwa imetekwa na majeshi ya Urusi mwaka 1868, na Bukhara ikafanywa nchi ya himaya. Mpiga picha huyu alikuja kwa behewa la mshindi, na picha zake zilikusudiwa kuonyesha ukubwa wa mali ya mfalme. Isitoshe, Amiri ametajwa jina, lakini muuza nguo ameandikwa kuwa ni muuza nguo tu. Mwanamke wa zulia naye hana jina. Rangi ya kila uzi tunaijua, na mwenye duka hatumjui. Hilo ni pengo ambalo hakuna mtambo utakaoliziba.

WOTE WAWILI UGENINI

Mwaka 1917 mfalme alipinduliwa. Mwaka uliofuata Prokudin-Gorskii akaondoka Urusi, akapita Norway na Uingereza, na baadaye akatulia Ufaransa. Kati ya vioo vyake vipatavyo 3,500, karibu nusu vilibaki nyuma, na vingi katika hivyo havikuonekana tena. Mjini Paris aliishi kwa kazi yake ya picha, na mara nyingine aliwaonyesha vijana wa Kirusi waliozaliwa ugenini nchi ambayo hawakuiona.

Amiri naye hakusalimika. Mwaka 1920 jeshi la Wabolsheviki liliivamia Bukhara, akakimbilia Afghanistan na kuacha kiti chake milele. Kwa kudra ya Mwenyezi Mungu, aliyepiga picha na aliyepigwa walikufa mwaka mmoja, kila mmoja mbali na kwao. Alim Khan alifariki Kabul mwaka 1944, na Prokudin-Gorskii alifariki Paris tarehe 27 Septemba mwaka huo huo, mwezi mmoja hivi baada ya mji kukombolewa kutoka mikononi mwa Wajerumani. Dola ilikwisha, uamiri ukaisha, joho likabaki na buluu yake.

Mwaka 1948 maktaba kuu ya taifa ya Marekani, iliyoko Washington, iliwanunulia warithi wake vioo 1,902 pamoja na majalada ya picha. Ajabu ni kuwa picha za majalada zilikuwa za rangi ya udongo tu, na vioo, kama tulivyosema, havina rangi mpaka vikutanishwe. Hivyo kwa miaka mingi rangi zile zililala gizani. Tangu mwaka 2000 vioo vilianza kunakiliwa kwa kompyuta, picha tatu tatu zikalazwa pamoja, na mwaka 2001 maktaba ikafanya maonyesho. Leo mtu yeyote anaweza kuzitazama bila malipo. Aliyetaka kuwafundisha watoto wa shule wa nchi moja amepata wanafunzi wa dunia nzima, ijapokuwa hakuishi kuwaona.

FUNZO KWETU

Katika nyumba nyingi za Lamu, Mombasa na Malindi zimo picha za kale za mabibi na mababu. Bibi amejitanda leso, babu amevaa kanzu na kofia ya kushonwa kwa mkono, na mkeka wa miyaa umetandikwa chini. Yote ni kijivu. Leso ile ilikuwa ya rangi gani? Miyaa ilitiwa rangi kwa dawa gani, na nani aliyeisuka? Wako wazee wachache ambao wakiulizwa watajibu, na kila mwaka wanapungua.

Siku hizi rangi si tatizo. Kila mwenye simu ya mkononi hupiga picha asubuhi na jioni, na nyekundu hutoka nyekundu bila ya behewa wala hati ya mfalme. Tatizo letu ni lile lile alilotuachia Prokudin-Gorskii: majina. Mpiga kofia picha na aandike nani aliyeishona. Mpiga mkeka picha na aandike mtaa uliosukwa na mti uliotoa rangi. Na picha za kale zigeuzwe, ziandikwe nyuma kwa kalamu jina la bibi na rangi ya leso yake, maadamu yupo wa kuikumbuka. Ni kazi ya jioni moja, na haihitaji ujuzi wa kemia.