Elizur Wright: Alipinga utumwa, kisha akazibana kampuni za bima kwa hesabu

Mwaka 1844, Mmarekani mmoja mwenye umri wa miaka 40 alifika kwenye mnada wa Royal Exchange, London. Dalali hakuwa anauza ng'ombe wala nyumba. Alikuwa anauza bima za maisha za wazee walioshindwa kuendelea kulipa ada, na wazee wenyewe walikuwa pale pale, wanunuzi wakiwaangalia kuanzia juu hadi chini.

Biashara yenyewe ilikuwa hivi. Mnunuzi anampa mzee hela kidogo, anachukua bima yake na kuendelea kuilipia. Mzee akifa, malipo yote yanakwenda kwa mnunuzi. Kwa hiyo mzee aliyechoka na kukohoa ndiye aliyekuwa mali. Akichelewa kufa, ni hasara.

Mmarekani huyo aliitwa Elizur Wright. Alikuwa ametumia miaka mingi kupinga utumwa nchini kwake, na mnada ule ulimkumbusha mnada wa watumwa. Aliondoka London akiwa na vita ya pili.

Mwalimu aliyeacha kazi

Wright alizaliwa Februari 12, 1804 katika jimbo la Connecticut, akakulia Ohio. Alisoma Chuo cha Yale na kuhitimu mwaka 1826. Mwaka 1829 akawa mwalimu wa hesabu katika chuo kimoja cha Ohio, Western Reserve.

Kazi ilikuwa nzuri, lakini suala la utumwa lilikigawa chuo. Wright alikuwa upande wa waliotaka watumwa waachiwe mara moja, si pole pole. Mwaka 1833 akaacha kazi, akahamia New York kuwa katibu wa Chama cha Kupinga Utumwa cha Marekani.

Baadaye alihamia Boston na maisha yakawa magumu. Alikuwa na familia kubwa, watoto 18 kwa jumla, ingawa baadhi walifariki wakiwa wadogo. Ili kupata riziki alitafsiri hadithi za Mfaransa La Fontaine, akawa anapita nyumba kwa nyumba akiuza kitabu hicho. Safari ya Uingereza ilikuwa na kazi mbili: kukitafutia kitabu soko, na kuangalia kampuni za bima za huko zinavyoendesha mambo yao.

Hela ya mteja iko wapi?

Kumbe tatizo la London lilikuwepo Marekani pia, ila bila dalali. Huko, ukishindwa kulipa ada, bima inakufa na kampuni inabaki na kila kitu. Umelipa miaka 20? Imekula kwako.

Wright alijua kuwa hilo ni dhuluma, na alijua namna ya kulionyesha kwa namba. Chukua mfano wa kijana wa miaka 30 anayelipa ada ile ile kila mwaka hadi afe. Akiwa kijana, uwezekano wa kufa ni mdogo, hivyo analipa zaidi ya inavyohitajika. Akizeeka, ada hiyo hiyo haitoshi tena. Ile ziada ya ujanani lazima itunzwe ili ije kuziba pengo la uzeeni.

Ziada hiyo ndiyo akiba. Kampuni ikiitumia kwa majengo na marupurupu, siku wateja wanazeeka kwa pamoja hakutakuwa na cha kuwalipa. Na mteja akijitoa mapema, sehemu ya akiba hiyo ilitoka mfukoni mwake.

Kupiga hesabu za namna hii ndiyo kazi ya mtakwimu bima: kupima watu wangapi watakufa katika umri gani, na leo kiwekwe kiasi gani ili kesho kila mtu alipwe. Wright hakuisomea darasani. Chama cha kwanza cha wataalamu hao Marekani kilianzishwa mwaka 1889, yeye akiwa ameshafariki. Alijifunza kwa kuifanya.

Alikaa na kukokotoa majedwali marefu yaliyoonyesha akiba inayotakiwa kwa kila umri na kila mwaka wa bima. Kompyuta haikuwepo, ilikuwa kalamu na karatasi tu. Binti yake Lucy Jane naye alikuja kuifanya kazi hiyo ya hesabu za bima, enzi ambazo mwanamke katika fani hiyo alikuwa nadra sana.

Mahakamani, kisha ofisini

Wakati huo wote hakuacha vita ya kwanza. Mwaka 1851, Shadrach Minkins, aliyetoroka utumwa Virginia, alikamatwa Boston. Umati uliingia mahakamani ukamtorosha, akafika salama Kanada. Wright alishtakiwa kwa kuhusika na tukio hilo, lakini mwishowe akaachiwa.

Upande wa bima, aliwafuata wabunge wa jimbo la Massachusetts bila kuchoka. Mwaka 1858 sheria ikapita: kila kampuni ya bima ya maisha ionyeshe kuwa ina akiba ya kutosha kwa ahadi zake. Mwaka huo huo Wright akateuliwa kuwa Kamishna wa Bima, ayasimamie mwenyewe.

Basi wenye kampuni wakamjua. Alidai taarifa ya kila bima, akakokotoa akiba yake na kuchapisha matokeo watu wayasome. Kampuni isiyokuwa na akiba ya kutosha haikubembelezwa, hata ikiwa kubwa na imetoka London.

Mwaka 1861 akapata ushindi aliousubiri tangu ule mnada. Sheria mpya ilisema mteja akiacha kulipa, bima yake haifi siku hiyo. Sehemu kubwa ya akiba yake itatumika kuendeleza kinga kwa muda fulani, na akifa ndani ya muda huo familia inalipwa.

Wenye kampuni hawakufurahi. Walizungumza na wanasiasa wao, na mwaka 1866 Wright akaondolewa kwenye ukamishna.

Hakustaafu

Alikuwa na miaka 62, na hesabu zikaendelea kumlisha. Alifanya kazi kama mshauri wa hesabu za bima, na mwaka 1869 akapata hataza ya kifaa alichokibuni, silinda kubwa yenye mistari ya namba iliyorahisisha kuzidisha na kugawanya.

Bado kulikuwa na jambo moja hakuridhika nalo: mteja anayejitoa alikuwa hapewi fedha mkononi. Aliendelea kulipigia kelele hadi mwaka 1880, Massachusetts ilipopitisha sheria ya kuzilazimisha kampuni kulipa fedha taslimu kwa wanaojitoa.

Katika uzee wake alianza kampeni nyingine, ya kuokoa msitu wa Middlesex Fells karibu na nyumbani kwake Medford. Hakuuona ukihifadhiwa. Alifariki Novemba 1885 akiwa na miaka 81.

Ukiwa na bima ya maisha leo, tafuta kwenye mkataba wako kipengele kinachosema utarudishiwa kiasi gani ukijitoa kabla ya muda. Sheria ya Massachusetts haikukiandika chote, lakini kugombea kipengele cha aina hiyo kulimgharimu Wright kazi yake.