Krapf, Mto Tana na hofu zetu za usiku

Sisi wa Garsen tunaujua usiku wa kuusikiliza mto. Mvua inanyesha huko milimani, hapa kwetu anga ni kavu, lakini habari zikishafika kwamba maji yanashuka, hakuna anayelala. Mafuriko ya mwisho wa 2023 yalinikuta hivyo. Nilifunga vyombo kwenye magunia, nikakaa kitandani hadi alfajiri, moyo ukinidunda. Nilisali, na wasiwasi haukuondoka. Nikaanza kujiuliza kama imani yangu ina kasoro.

Siku hizo ndipo nilipoyarudia maisha ya Johann Ludwig Krapf. Wengi wetu tulimsoma shuleni: mmishenari wa Rabai, Mzungu wa kwanza kuandika kwamba ameuona Mlima Kenya, 1849. Safari hii kilichonishika ni misiba yake, na kwamba mto wetu pia umo ndani yake.

Alizaliwa Ujerumani mwaka 1810. Nia yake kubwa ilikuwa kuwafikia Waoromo, ndugu wa Waorma wetu, na alianzia Ethiopia. Njia ilipofungwa huko, yeye na mkewe Rosina walikuwa tayari wamempoteza mtoto wao wa kwanza, binti aliyezaliwa safarini nyikani. Walimwita Eneba, yaani chozi kwa Kiamhari.

Mwaka 1844 alifika Mombasa, akiamini kwamba njia ya kwa Waoromo itapatikana upande wa pwani. Mwezi Juni alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, akisaidiwa na kadhi wa mji. Mwezi Julai Rosina alijifungua binti mwingine. Homa ikaingia nyumbani. Rosina akafariki, na siku chache baadaye mtoto akamfuata. Krapf mwenyewe alikuwa taabani kwa homa hiyo hiyo. Aliwazika ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali, kwa kuwa Rosina alitaka kulazwa bara. Kisha akawaandikia wakuu wake wa CMS kwamba kaburi lile ni dalili ya kazi iliyoanza, si sababu ya kuifunga.

Mimi ningepanda jahazi la kwanza nirudi kwetu. Yeye alirudi kwenye maneno ya Kiswahili, neno baada ya neno. Mwaka 1846 mwenzake Johann Rebmann alifika, wakahamia Rabai. Matunda yalikuwa machache mno. Wa kwanza kubatizwa alikuwa Mringe, mtu mlemavu aliyekuwa karibu kufa. Ukihesabu watu, ungesema Krapf ameshindwa.

Kisha ukaja mwaka 1851. Krapf alisafiri Ukambani na mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, wakielekea Mto Tana, sehemu za juu kabisa, mbali na huku kwetu. Karibu na mto walivamiwa. Kivoi aliuawa, wengine wakatawanyika, na Krapf akabaki peke yake porini, bila chakula wala maji. Aliufikia mto, akanywa. Hakuwa na kibuyu, kwa hiyo alijaza maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake na kwenye mitutu ya bunduki. Alitembea usiku ili asionekane. Maji yalipomwishia, alisikia kelele za kima, akajua maji hayako mbali. Akazifuata hadi kwenye mto mkavu, akakuta shimo ambalo kima wamelichimba mchangani, akanywa humo. Alipofika kwa jamaa za Kivoi, walimlaumu kwa kifo chake na uhai wake ukawa hatarini. Ikabidi atoroke usiku, na hatimaye akafika Rabai.

Hapo ndipo nilipopata jibu la swali langu. Krapf alisali njia nzima, na aliogopa njia nzima. Sala haikumwondolea wavamizi wala kiu. Ilimpa nguvu ya kupiga hatua nyingine akiwa bado ana hofu, na utulivu wa kutosha kusikia kima. Nilikuwa nimeidhani imani kuwa ni kutotetemeka. Kumbe mtu anaweza kutetemeka mikononi mwa Mungu.

Afya ilimlazimu kurudi Ulaya mwaka 1853. Mwaka 1862 alikuja tena kuwasaidia Wamethodisti, akiwemo Thomas Wakefield, kuanza kazi Ribe. Alifariki Korntal, Ujerumani, Novemba 1881, akakutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake. Hakuona kwamba wale Wamethodisti wangefika Mto Tana na kufungua misheni Golbanti, si mbali na Garsen, kwa ajili ya Waorma aliowawaza maisha yake yote. Huko nako msiba ulifika: mwaka 1886 John Houghton na mkewe Annie waliuawa katika uvamizi. Kazi haikufa nao.

Simwambii mtu aache kuhamia sehemu ya juu maji yakija, wala mwenye wasiwasi usiokwisha aache kwenda kumwona daktari. Krapf alisali, na maji akayatafuta. Ninachosema kwa Mkristo mwenzangu anayekesha akiusikiliza mto ni hiki: hofu yako si ushahidi kwamba Mungu amekuacha. Na jirani yangu Mwislamu anayeamka usiku huo huo kuswali ananielewa vizuri, najua.

Mafuriko ya 2024 yalipokuja, nilifunga magunia tena. Moyo ulidunda vile vile. Nikasali, nikatoka nje kumsaidia jirani kubeba mbuzi wake, na tulipomaliza nililala saa mbili tatu.