Mzee Rimet alivyovusha Kombe la Dunia baharini

LEO timu inapanda ndege asubuhi, jioni ipo uwanjani. Enzi za Jules Rimet haikuwa hivyo. Mfaransa huyo, aliyezaliwa 1873 kijijini Theuley, aliongoza FIFA kuanzia 1921 hadi 1954.

Mwaka 1930 ndoto yake nusura izame. Wenyeji wa Kombe la Dunia la kwanza, Uruguay, walikubali kulipa nauli na malazi, lakini Ulaya wengi waligoma. Safari ilikuwa ndefu, na hakuna klabu iliyotaka kukaa miezi miwili bila nyota wake. Zikakubali nchi nne tu.

Tatu kati yake, Ufaransa, Ubelgiji na Romania, zilisafiri na mzee kwenye meli moja, Conte Verde. Kombe lenyewe lilikuwa kwenye mizigo yake. Melini hakuna uwanja, hivyo mazoezi yalikuwa ya kuungaunga: kukimbia kwenye sitaha, kuruka, kupanda na kushuka ngazi. Watu waliokwenda kugombea kombe moja walipishana humohumo kila siku, maji kila upande. Walipofika Rio de Janeiro, Brazil nao wakapanda.

Mapema Julai meli ikatia nanga Montevideo. Julai 13, Lucien Laurent, mmoja wa abiria wale, akaifungia Ufaransa bao la kwanza kabisa la Kombe la Dunia. Uruguay ndio wakabeba ndoo, wakiichapa Argentina 4-2 fainali.

Rimet alifariki 1956. Kombe alilolivusha bahari lilikuwa tayari limepewa jina lake.