Gilbert Lewis na Zile Nukta

Zile nukta tunazochorea elektroni ni za Gilbert Lewis, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1875. Mwaka 1902, akifundisha Harvard, alichora atomu kama visanduku. Mwaka 1916 akaeleza kuwa atomu huungana kwa kuchangia jozi ya elektroni. Alipendekezwa kupewa Nobel mara nyingi, hakuipata. Machi 1946 alikutwa amefariki maabara, akiwa kwenye jaribio la sayanaidi.

Sayanaidi ndiyo inayochenjua dhahabu kule Nyamongo, Tarime. Ichore uone: kaboni na naitrojeni zinachangia jozi tatu, kaboni inabaki na jozi moja huru. Jozi hiyo ndiyo inayoshika dhahabu. Ikiingia mwilini inashika madini ya chuma kwenye kimeng'enya cha upumuaji, seli inashindwa kutumia oksijeni. Watu wa baiolojia, msiziruke zile nukta.