Ayn Rand: Mtunzi wa riwaya aliyeutetea ubinafsi jukwaani

OKTOBA 1957, mhamiaji kutoka Urusi alitoa nchini Marekani riwaya yenye kurasa zaidi ya 1,000, iitwayo Atlas Shrugged. Wahakiki wengi waliishambulia vikali, na mwandishi huyo hakutoa riwaya nyingine hadi kifo chake. Badala yake, alipanda jukwaani.

Huyo alikuwa Ayn Rand, aliyezaliwa Februari 2, 1905, mjini St Petersburg, kwa jina la Alisa Rosenbaum. Alikuwa na miaka 12 Wabolsheviki waliposhika madaraka. Duka la dawa la baba yake likataifishwa, na familia iliyokuwa na uwezo ikaonja njaa.

Mwaka 1926 alikwenda kuwatembelea jamaa zake Chicago, hakurejea tena. Alifanya kazi ndogondogo za filamu Hollywood, huku akijifunza kuandika kwa Kiingereza. Riwaya yake The Fountainhead ilikataliwa na wachapishaji 12 kabla ya kutolewa mwaka 1943 na kumpa umaarufu.

Rand alifundisha kuwa furaha ya mtu binafsi ndiyo lengo la maisha yake, na kwamba kujitoa mhanga kwa ajili ya wengine si wema. Serikali, kwa mtazamo wake, ilipaswa kubaki na polisi, jeshi na mahakama tu.

Wasomi wa mrengo wa kushoto walimwona mtetezi wa matajiri. Wahafidhina nao, ingawa waliupenda ubepari, walimkataa kwa kuwa hakuamini Mungu na aliunga mkono haki ya kutoa mimba.

Vijana ndio waliomsikiliza. Mwaka 1960 alizungumza katika Chuo Kikuu cha Yale, na kuanzia mwaka 1961 akawa mgeni wa mara kwa mara wa Ford Hall Forum, jukwaa maarufu la mihadhara mjini Boston. Alizungumza kwa lafudhi nzito ya Kirusi, kifuani akiwa na kipini chenye alama ya dola.

Alipinga vita ya Vietnam na kuwaingiza vijana jeshini kwa lazima. Lakini mwaka 1974, katika chuo cha kijeshi cha West Point, aliwatetea Wazungu waliotwaa ardhi ya wenyeji asilia wa Marekani. Kauli hiyo inalaumiwa hadi leo.

Doa jingine lilitoka nyumbani. Aliyehimiza kila mtu afikiri kwa akili yake hakuwavumilia wafuasi waliompinga. Mwaka 1968 alimfukuza Nathaniel Branden, msaidizi wake mkuu aliyekuwa pia mpenzi wake, baada ya kugundua kuwa ana uhusiano na mwanamke mwingine. Taasisi iliyoeneza mihadhara ya falsafa yake ikafungwa.

Mwaka 1974 alifanyiwa upasuaji wa saratani ya mapafu baada ya kuvuta sigara kwa miaka mingi. Mkosoaji huyo wa misaada ya serikali alipokea mafao ya uzeeni ya serikali, akiamini kuwa anarejeshewa kodi yake.

Novemba 1981 alisafiri kwa treni hadi New Orleans kuhutubia wafanyabiashara. Alirudi mgonjwa, na Machi 6, 1982 akafariki dunia mjini New York, akiwa na umri wa miaka 77. Kando ya jeneza lake liliwekwa shada la maua lenye umbo la alama ya dola.