Hanns Vischer: Mkurugenzi Aliyetangulia Kusoma

Kwenye somo la historia ya elimu tunakariri ripoti ya Phelps-Stokes na waraka wa mwaka 1925, tunafanya mtihani, basi. Watu waliokuwa nyuma ya karatasi hizo tunawaruka. Mmoja wao ni Hanns Vischer, na wenzangu wa ualimu hasa wanapaswa kumjua.

Alizaliwa Basel, Uswisi, mwaka 1876, akasoma Cambridge. Alifika Nigeria ya Kaskazini na wamisionari, kisha akachukua uraia wa Uingereza na kuingia utawala wa kikoloni. Mwaka 1906 alivuka Sahara kutoka Tripoli hadi Bornu, safari ambayo wengi walidhani hatatoka hai. Kihausa alikijua kiasi kwamba wenyeji walimwita Dan Hausa, yaani mwana wa Wahausa.

Mwaka 1908 serikali ilimpa kazi ya kuanzisha elimu Nigeria ya Kaskazini. Hapa ndipo pa kusimama kidogo. Hakukimbilia kujenga madarasa. Alianza kwa kuzunguka kuangalia shule za wengine, zikiwemo za Misri na Sudan, aone kipi kinafaa na kipi hakifai. Mwaka 1909 akafungua shule Nassarawa, Kano, akiishi kwenye nyumba ya udongo. Watoto wa watawala na mamalamu walisoma kwa Kihausa, na kulikuwa na karakana za ufundi. Hakutaka shule iwatenge vijana na kwao.

Mwaka 1923 Wizara ya Makoloni ya London iliunda kamati ya kushauri kuhusu elimu ya Afrika, Vischer akawa katibu wake. Mwaka uliofuata alifika huku kwetu Afrika Mashariki na tume ya Phelps-Stokes, pamoja na Aggrey wa Gold Coast. Waraka wa 1925 ulitoka kwenye kamati hiyo. Ulitaka idara za elimu ziwe na hadhi na masharti ya kazi yatakayovuta watu bora, maana kabla ya hapo elimu ilikuwa idara ya pembeni tu. Miaka michache baadaye maofisa wapya wa elimu walianza kuandaliwa kwenye chuo cha ualimu London kabla ya kupanda meli.

Sasa tusidanganyane. Maandalizi hayo yalikuwa ya kuwatawala babu zetu vizuri zaidi. Kamati ilipoanza haikuwa na Mwafrika hata mmoja mezani. Shule ya Nassarawa nayo ilianza na watoto wa wakubwa. Mtoto wa mkulima alisubiri. Na heshima kwa mila, ukiichunguza, ilisaidia pia kuwabakiza watu walipo. Kujua lugha ya mtu si sawa na kumpa nafasi ya kuamua.

Vischer alifariki mwaka 1945. Nyumba yake Kano ipo hadi leo, ni makumbusho, na inaitwa Gidan Dan Hausa.

Sisi tunaojiandaa kuwa walimu, na kesho baadhi yetu maofisa elimu, tuchukue yote mawili. Mkoloni aliona kwamba anayesimamia shule lazima ajifunze kwanza mahali anapokwenda. Je, ofisa wa leo anayepangiwa wilaya asiyoijua anaandaliwa hivyo? Halafu lile ambalo Vischer hakulifanya: nani anakaa mezani wakati wa kuamua? Mzazi wa kijijini na mwalimu wa darasa la kwanza bado wanasubiri kiti.